Joistiki inavuta ndege yenyewe, nazunguka angani kama pia. Naombeni msaada wakuu

rubani_wa_sebuleni:
Habari za muda huu wakuu. Nina joistiki, ule mkono wa kurushia ndege ya gemu, ya mtumba nilichukua Kariakoo mwaka juzi, ile ya kawaida tu, mkono wake ukiuzungusha kushoto kulia ndio usukani wa mkia, halafu pembeni ina kamkono kadogo ka mafuta. Natumia X-Plane 12, gemu la kurusha ndege, kwenye Windows. Ilikuwa poa kabisa mpaka kama wiki tatu hivi zilizopita ikaanza vituko, naruka zangu na Cessna 172 kutoka Dar naenda Zenji, safari yenyewe dakika ishirini na kitu, katikati ya bahari mkono umetulia kabisa ghafla pua inakatwa kushoto kama kuna mtu kaipiga kofi, inarudi, inakatwa tena, saa nyingine kulia. Kutua ndio usiseme, juzi nimeishia kwenye majani.
Nimefanya kalibresheni (kuifundisha upya kompyuta mwisho wa mkono uko wapi) mara nne na kila nikifanya inazidi kuwa mbovu. Nimeweka dedizoni, ile sehemu ya katikati ambayo mkono ukicheza kompyuta haijali, mpaka asilimia 15, bado inashtuka, na sasa hata nikitaka kukata kidogo kwa makusudi haikubali mpaka nizungushe sana. Shida ni nini hapa, programu au chuma?

kipepeo_mweusi:
Nunua mpya yaishe mkuu

rubani_wa_sebuleni:
Mkuu ningekuwa na hela ya mpya ningeanzisha uzi?

msee_wa_wilson:
Niko Nairobi, nilifunzwa urubani kidogo hapo uwanja wa ndege wa Wilson kabla pesa iishe 😅 Sasa bana, Cessna kuvuta kushoto ukiwa unapaa hiyo si ugonjwa, ndege ya propela moja ndivyo ilivyo. Propela inazunguka, upepo wake unajiviringisha kwa mwili wa ndege unaenda kugonga mkia upande wa kushoto, pua inaenda kushoto, ndio maana rubani anakanyaga pedeli ya kulia pale unapoweka moto wote. Wasee wengi huanza kulaumu joistiki na ni fizikia tu. Jaribu hivi, simama tu hapo chini injini ikiwa imezimwa, angalia ndege yako kwa nje, mkia ukicheza peke yake basi hiyo ni joistiki. Pia chomoa padi ya kuchezea gemu ya mpira kama umeiacha kwa kompyuta, saa zingine vifaa viwili vinapewa kazi moja na vinapigania usukani.

rubani_wa_sebuleni:
Asante kaka. Padi sina. Nimejaribu injini imezimwa, mkia unachezacheza kama samaki katolewa majini. Kwa hiyo ni joistiki.

FundiRedio_Tanga:
Wanangu nipeni shikamoo yangu kwanza, maana naona humu vijana watupu. Mimi redio na kaseti nimetengeneza tangu miaka ya themanini na hiyo joistiki yenu ndani hakuna uchawi, kuna volyumu, ile ile ya redio. Kila upande wa mwendo una volyumu yake, miguu mitatu, ya pembeni mbili inapita umeme wa USB volti 5, ya katikati inatoa sehemu ya hizo volti kulingana na umezungusha wapi, chipu inageuza kuwa namba, namba inaenda kwenye kompyuta. Mnakumbuka redio ya babu ukiongeza sauti inakwaruza khrr khrr? Basi ndege yako inakwaruza, tofauti ni kwamba redio ikikwaruza humwagi abiria.

Kwanza acha kufanya kalibresheni. Kalibresheni inakuuliza mwisho wa kushoto uko wapi na mwisho wa kulia uko wapi, sasa kifaa kinashtuka katikati ya zoezi, kompyuta inaandika ule mshtuko kama ndio mwisho, kwa hiyo kila ukirudia unaizidishia uongo. Na hiyo dedizoni ya 15 itoe, dedizoni inaficha mtetemo mdogo wa katikati tu, mshtuko unaofika asilimia 30 utaruka ukuta kama kawaida, umebaki na usukani mzito bure.

Fungua kisanduku cha Run, andika joy.cpl, utaona vimistari vya kila upande. Kwenye hatua za kalibresheni kuna alama ya kuonyesha data ghafi, iwashe uangalie namba zenyewe kabla Windows haijazipaka poda, halafu uache bila kuhifadhi. Zungusha taratibu sana. Namba ikiruka pale pale kila ukipita, kaboni ya ndani ya volyumu imelika sehemu hiyo, mara nyingi ni katikati maana mkono unashinda hapo. Ikitetemeka ovyo kila mahali, vumbi. Ila ikiwa usukani unaruka wakati wewe huzungushi, unasukuma tu mkono mbele na nyuma, usiguse volyumu kabisa, tafuta waya. Waya za kuzungusha na za vitufe zinapita shingoni mwa huo mkono, zinasokotwa na kukunjwa kila siku, siku moja nyuzi za shaba zinakatika na gamba la nje linabaki zima, ukiangalia kwa macho unasema mbona nzima.

msee_wa_wilson:
Shikamoo mzee, na kama ni ile ya kukatika USB yenyewe?

FundiRedio_Tanga:
Marahaba. Hiyo inajulikana kwa mlio, kompyuta inalia ting tong, kifaa kizima kinapotea kinarudi. Hapo toa joistiki kwenye habu, kile kigawanyio cha USB, chomeka moja kwa moja kwenye mashine, na kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, kataza Windows isizime USB kubana umeme. Ya huyu kijana siyo hiyo, ingekuwa hiyo pande zote zingekufa kwa pamoja.

rubani_wa_sebuleni:
Shikamoo fundi. Nimefanya kama ulivyosema na nimebaki mdomo wazi. Nikizungusha mkono namba inatembea vizuri tu, nikisukuma mbele bila kuzungusha inaruka mpaka mwisho inarudi 😳 Kwa hiyo waya?

FundiRedio_Tanga:
Waya. Chomoa USB, fungua, piga picha kabla hujagusa kitu. Vuta kila waya wa shingoni polepole kwa vidole, uliokatika ndani unanyooka kama mpira kwa sababu shaba haipo ya kuushika. Kama una mita ya kupimia umeme pima huku unakunja mkono, na kama una ile ya mshale itumie hiyo, ya namba inachelewa, mshale unakuonyesha hata kushtuka kidogo. Ukiunga weka waya laini wa nyuzi nyingi, mrefu kidogo kuliko wa mwanzo, uache ulegee shingoni, usiuvute ukanyooka.

Usipoona waya mbovu, kule kwenye bodi badilishana soketi ya usukani na ya mafuta. Ugonjwa ukihamia kwenye mafuta, ni volyumu au waya wake. Ukibaki kwenye usukani, bodi, na hapo ndio umsikilize huyo anayesema nunua mpya.

Na ukiwa umeshafungua safisha volyumu kwa dawa ya kusafishia kontakti, puliza kidogo kwenye upenyo, zungusha mwanzo mwisho mara thelathini, acha ikauke. Usiweke ile dawa ya kulegeza nati zenye kutu, inaacha mafuta, mafuta yanashika vumbi, baada ya mwezi unarudi hapa. Petroli pia hapana, nimeona plastiki ikigeuka uji.

kipepeo_mweusi:
Mzee unatoa darasa la bure hivi, mimi nilitupa mbili 😭

rubani_wa_sebuleni:
Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani umeme ulikuwa unatusumbua mtaani. Skrubu saba, mbili zimejificha chini ya vile viraba vya miguu, nilivunja kona moja kabla sijajua. Nikafungua tu springi ya kitufe cha risasi ikaruka ikapotea. Waya wa bluu ndio ulikuwa mwizi, kuuvuta ukarefuka kweli kama mpira wa manati, gamba zima kabisa. Pasi ya kuchomelea sina nikampelekea fundi TV wa hapa jirani, kanicheka eti mtu mzima unarusha ndege ndani ya nyumba, ila kaunga kwa elfu tatu. Nimesafisha na volyumu zote, nikafuta kalibresheni ya zamani nikafanya upya mara moja tu, dedizoni nimeshusha mpaka 2. Jana usiku nimetua Zenji katikati ya mstari, nikatua tena, nikatua tena, mke kaniuliza kwani abiria hawashuki.

Imebaki kitu kimoja, kamkono ka mafuta kakiwa karibu na mwisho wa chini injini inapanda inashuka kidogo, pale pale kila siku, hata baada ya kusafisha.

FundiRedio_Tanga:
Pale pale? Hiyo ndio kaboni sasa. Soma maandishi mgongoni mwa volyumu, ukikuta B10K tafuta B10K, 10K ni ukinzani wake, ile B inapanda sawasawa. Usikubali akuuzie A, hiyo ni ya sauti, kamkono katafika nusu na injini bado imelala halafu inakurupuka yote kwa mpigo, au kinyume chake ukiifunga kwa kugeuza. Angalia na urefu wa shina na kama limekatwa upande mmoja. Kama huna haraka kuna ujanja, kamkono hakatumii mzunguko wote wa volyumu, kanatumia kipande tu, ukilegeza nati ukaigeuza volyumu kidogo kamkono kanaangukia sehemu ambayo haijalika, unafanya kalibresheni, unasogeza miezi. Haikubali kwenye zote, nyingine zina kijino kinachozuia.

msee_wa_wilson:
Na springi ulipata?

rubani_wa_sebuleni:
Bado. Nimeweka ya peni, inapiga vizuri tu.