Niache ofisi ya apatimenti niende kanjo nishughulikie majengo ya zamani?

Ramani_Kando:
Wakubwa habari zenu. Mimi ni akitekti, nimesoma ile miaka sita yote, nikahangaika na bodi mpaka nikasajiliwa, na sasa niko mwaka wa nne kwa ofisi moja ambako kila siku ni apatimenti, ya Kilimani, ya Ruaka, unahamisha balkoni kidogo basi hio ni ramani mpya. Roho yangu iko kwa majengo ya zamani. Nikipita Kipande House pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ile ya 1913, husimama nikaangalia yale mawe mpaka askari ananiuliza natafuta nani. Sasa kuna kaunti imetangaza nafasi idara ya mipango. Mshahara ni mdogo kuliko huu wangu na mama anasema huko watu huenda kuzeeka. Niende, ama nitafute kwanza masomo ya uhifadhi ng'ambo?

MzeeWaFaili:
Mdogo wangu, nimekaa huko tangu enzi za kanjo yenyewe, yaani baraza la mji, mpaka kaunti zikaja, wacha nikwambie. Katiba ya 2010 iliachia serikali kuu minara na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na watu wa Makavazi ya Kitaifa, wanaotunza turathi, wana sheria yao ya 2006, jengo likishatangazwa kwa gazeti la serikali liko na mwenyewe wa kulilinda. Lakini kibali cha kujenga kinatoka kaunti. Na majengo mengi ya zamani hayajatangazwa popote, zile duka za mawe za River Road zenye veranda, nani anazijua? Faili ikipita kwa meza yako na wewe huoni kitu hapo isipokua ploti, imeenda. Kuna moja nilishikilia miezi nane, nikaitisha picha, nikaitisha vipimo, mwenyewe akanichukia kabisa, mwisho akaacha uso wa mbele akapandisha gorofa nyuma. Ingine nikashindwa, walibomoa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu nikapata mabati.

Tumbo_Kwanza:
Hizo ni stori tamu lakini landlodi halipwi na historia. Na ukikatalia faili ya mtu mkubwa utapigiwa simu, utafanyaje?

MzeeWaFaili:
@Tumbo_Kwanza utapigiwa, kweli. Mimi nilikua nasema sawa mkubwa, niandikie barua niweke kwa faili. Wengi hawaandiki.

DadaChokaa:
Kaka usikimbilie ng'ambo kabla hujashika chokaa na mkono wako. Mimi nilifunzwa na mafundi Mji wa Kale Mombasa halafu Lamu, ambayo iko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, na huko mzee ambaye hajaingia chuo alinionyesha kwa nini usipige lipu ya simiti juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe: ukuta unanyonya unyevu na simiti inaufungia ndani, baada ya muda lipu inaanguka vipande na boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Nairobi mawe ni mengine lakini makosa ni yaleyale, watu wanaziba viungo na simiti ngumu halafu jiwe ndio linalika badala ya kiungo. Mtu wa kaunti anayejua hivi anaweza kuikataa hio kazi ikiwa bado ni karatasi. Asiyejua anapiga muhuri.

MzeeWaFaili:
Hapo dada umegonga. Na kijana usidhani kaunti ni kukatalia watu tu. Maktaba ya McMillan, ile ya 1931 yenye simba mlangoni, iko chini ya kaunti. Mwanzo ilikua ya wazungu peke yao, leo mtoto wa Kaloleni anaingia. Paa ya jengo kama hilo ikivuja, mtu wa ndani ndio anapigania bajeti, na kupigania bajeti ni kazi ya kuchosha kuliko kuchora, usidanganywe.

Ramani_Kando:
Asanteni sana. Dada nitakutumia meseji, nina likizo Agosti na ningependa kuja kuchanganya chokaa hata kama ni wiki mbili. Mzee fomu nimeshaprinti. Mama sijamwambia.