Wakuu, usingizi umenihama wiki ya 3 sasa, naombeni ushauri

BintiNewala: Habari za usiku wakuu. Niko Newala, saa 8 usiku macho yanawaka kama chemli, mchana nasinzia dukani mpaka namrudishia mtu chenji mara mbili. Nitajieni dawa ya usingizi isiyo na madhara.

BahariaMikindani: Zima simu.

MamaKorosho: Pole mdogo wangu. Mie msimu uliopita malipo yalichelewa, nikifumba macho naota mzani wa ghalani, mwezi mzima hivyo, na mume anakoroma zake tu

MaabaraLindi: Unatumia dawa gani sasa hivi?

BintiNewala: Hamna. Vitamini tu za hamu ya kula.

MaabaraLindi: Zinaitwaje?

BintiNewala: Haya, ni dexa. Dada wa saluni kanipa, 2 kila usiku nikishakula. Msianze kunihukumu, naolewa Desemba, gauni nimeshonesha kubwa na mashavu yameshaanza kuja.

MaabaraLindi: Ndo hapo. Dexa, yaani deksamethasoni, ni steroidi, inaiga kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huipandisha alfajiri ili uamke. Ndani ya seli kuna jeni za saa, zile zinazoiambia seli sasa ni usiku au mchana, mojawapo PER1, na dexa inaiwasha. Mwaka 2000 watafiti wa Geneva na wenzao walionesha kwa panya kwamba inasogeza saa ya ini, figo na moyo, ila saa kuu ya ubongoni haisogei. Hata seli za binadamu maabara huwa tunazisetisha saa kwa dexa hiyohiyo. Kwahiyo kila usiku unaliambia ini kumekucha na ubongo unasema lala. Na hayo mashavu sio unene dada. Ila USIACHE GHAFLA, tezi za juu ya figo zinaweza kuwa zimelala, ukikata tu presha inaweza kushuka ukaanguka. Nenda kwa daktari akupunguzie.

BahariaMikindani: Jeni au jini? Maana la pili lina mganga wake huku

Mpekuzi_Masasi: Chai hii. Mwezi wa 5 akaunti hii ilikuwa "kijana wa Tandahimba" anauza bodaboda.

BintiNewala: Tulikuwa tunatumia na kaka.

Mpekuzi_Masasi: Na kaka naye anaolewa Desemba?

MamaKorosho: Hata ikiwa chai, mwanangu wa kike anavyo vidonge hivyohivyo kwenye mkoba nimeviona kwa macho yangu, wa maabara nijibu mimi

MaabaraLindi: Mpeleke kesho asubuhi mama, na pakiti mbebe.

BintiNewala: Na mimi nikihamishia tu asubuhi, mpaka Desemba?