Kwa nini VC10 za East African Airways zilikuwa na injini zote mkiani?

MdauWaAnga: Habari zenu wadau. Nina picha ya zamani ya ndege ya abiria, Super VC10 ya East African Airways, lile shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwa uwanja wa Embakasi, Nairobi. Injini zote nne ziko nyuma, mbilimbili kila upande, na bawa dogo la mkia limewekwa juu kabisa. Boeing 707 ya enzi hizohizo injini zinaning'inia chini ya mbawa. Vickers walioitengeneza walikuwa wanatafuta nini?

FundiNdege: Jibu liko hapohapo Embakasi, ndugu yangu. Uwanja uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi: bawa linabeba kidogo, injini inasukuma kidogo, ndege inakimbia mbali kabla ya kuruka. BOAC, shirika la ndege la Uingereza, walikuwa na njia za Nairobi, Johannesburg na Kano kwenye joto, wakataka ndege ya kuzimudu.

Tazama ukingo wa nyuma wa bawa kwenye picha yako. Flapu, vile vipande vinavyoshushwa ili bawa libebe zaidi, zimeenda karibu urefu wote, hakuna injini ya kuzikatiza. Ukingo wa mbele nao una vipande vinavyochomoza wakati wa kuruka na kutua. Nimeshika mbawa nyingi kazini, na kwa ndege za wakati ule sioni bawa lililosanifiwa vizuri kuliko hili. Sasa injini zikishakaa nyuma, bawa la mkia lazima likwepe moshi wa injini hizo, ndiyo maana likapandishwa.

Msafiri_Kitambo: Mbona basi zilitengenezwa 54 tu?

FundiNdege: Mafuta, mzee wangu. Kuendesha 707 kulikuwa nafuu zaidi. Injini za mkiani zinataka mwili uimarishwe huko nyuma, uzito unaongezeka. Halafu viwanja vikarefushwa, 707 nazo zikaweza kuja. Ila abiria waliipenda VC10, kelele ilibaki nyuma yao.

Shirika lilipovunjika 1977, zetu nne zilizobaki ziliishia Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Iliyokuwa 5H-MMT, ya usajili wa Tanzania, ndiyo iliyoruka safari ya mwisho ya VC10 duniani, Septemba 2013.

MdauWaAnga: Asante sana fundi. Ya kwenye picha yangu imeandikwa 5X-UVJ.

FundiNdege: Hiyo ya usajili wa Uganda. Nayo ni mojawapo ya hizo nne. Jeshini ikawa ZA149.