Mashabiki wa Nyanda za Juu Kusini, acheni kumzomea kocha anayeanza na ukuta. Mnatugharimu pointi

Wakuu, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Inakera sasa. Timu ya huku Mbeya inasafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, inakaba dakika 90 kwenye joto, inarudi na suluhu na pointi moja mkononi. Ikifika nyumbani inapokewa kwa matusi: kocha mwoga, wamepaki basi, hawajui mpira. Wiki nyingine timu hiyo hiyo inafungwa 3-1 ikijaribu pira biriani, yaani soka la kupendeza la kushambulia, na watu wale wale wanasema "angalau leo tumecheza". Mmecheza nini? Pointi sifuri, tofauti ya mabao imeliwa mawili, na mabeki wameondoka uwanjani wameinamisha vichwa.

Pigeni hesabu ya kawaida tu. Ligi ya timu 16 ni mechi 30, 15 ugenini. Ukipata sare 7 na ushindi mara 2 ugenini, hizo ni pointi 13. Nyumbani ukishinda 8 na kutoa sare 4, ni 28. Jumla 41, na mkiani hupo. Sasa toa zile sare 7 za ugenini ambazo mnazizomea. Unabaki na 34, na unaanza kuangalia matokeo ya wenzako kwenye simu. Mbeya City waliomaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ndio walioshuka 2023 kupitia mechi za mchujo. Kila mtu hapa anakumbuka wiki zile zilivyokuwa. Kwa hiyo asije mtu kuniambia pointi moja ya ugenini ni aibu.

Kukaba chini si watu kumi kurundikana mbele ya kipa. Ni kazi yenye vipimo. Kutoka namba nne na tano, mabeki wa kati, mpaka straika iwe mita 25 hadi 30. Kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo iwe mita 10 hadi 12. Ikifika 20, namba kumi wao, kiungo mshambuliaji, anapokea, anageuka, anatazama goli, na hapo umekwisha. Upana wa uwanja ni kama mita 68. Mabeki wanne hawawezi kuufunika wote, kila mmoja angebeba mita 17. Ndiyo maana wanahama pamoja kufuata mpira na kuuacha upande wa mbali wazi kwa makusudi. Mpira ukiwa upande wetu wa kulia, namba tatu, beki wa kushoto, anasimama usawa wa nguzo ya mbali, hakai kwenye chaki, ule mstari wa pembeni. Wewe uliye jukwaani unapiga kelele "winga wao yuko peke yake kule!" Kocha anajua. Mpira wa kuhamisha upande mita 40 unakaa hewani sekunde mbili na ushee, na huo ni muda wa kutosha mstari mzima kusogea. Pasi fupi ya katikati haikupi muda huo. Ndiyo inayozibwa kwanza.

Sasa twende mahali ukuta unapobomokea, maana hapa ndipo jukwaa linahusika. Dakika ya 65, matokeo 0-0, mpira uko kwa beki wao wa kati anayepigiana pasi na mwenzake mita 50 kutoka golini kwetu. Hakuna hatari yoyote. Jukwaa linaanza: "Mfuateni! Pandeni!" Straika, kijana wa miaka 20, anasikia. Anatoka peke yake mita 15. Namba nane, kiungo wa kati, anaona aibu kubaki, anamfuata. Mabeki hawajasogea kwa sababu hakuna aliyewaambia. Zile mita 12 zimekuwa 25. Pasi moja inapita katikati ya hao wawili, namba kumi wao amegeuka, namba tano wetu analazimika kutoka, na nyuma yake pamebaki shimo. Bao. Baada ya hapo mnamtukana namba tano! Aliyefanya kosa ni wa kwanza kutoka bila wenzake, na aliyemtoa ni nyinyi.

Kukimbiza mpira kuna dalili zake, na wachezaji wanafundishwa: mguso mbaya, pasi ya kurudi nyuma, mpira kwa beki wa pembeni aliyegeukia chaki, pasi inayodundadunda. Moja ikitokea, wote wanapanda kwa pamoja. Isipotokea, wote wanakaa. Kelele za jukwaani hazimo.

Morocco walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Kabla ya kukutana na Ufaransa walikuwa wameruhusu bao moja tu, tena la kujifunga, dhidi ya Canada. Hispania walizungusha mpira dakika 120 wakatoka 0-0, halafu penati zote tatu walizopiga hazikuingia. Ureno wakafungwa 1-0. Kocha Walid Regragui hakuomba radhi kwa kumwachia mpinzani mpira. Kiungo wao Amrabat alikaa mbele ya mabeki akiziba ile njia ya katikati niliyoieleza. Ugiriki mwaka 2004 walitwaa ubingwa wa Ulaya kwa 1-0 tatu mfululizo kuanzia robo fainali: Ufaransa, Czech, kisha Ureno kwenye ardhi yao. Hayo mnayaita maajabu, lakini kikosi cha hapa Mbeya kikifanya vivyo hivyo mnakiita cha waoga.

Nyumbani ni habari nyingine, na hapa nakubali hakuna sababu ya kukaa chini dakika zote 90. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka pwani anaanza kuvuta pumzi kwa shida kipindi cha pili, na mpira wa juu unamruka kwa sababu hewa nyepesi inaupeleka mbali kuliko alivyozoea. Akili inasema: dakika 60 za kwanza mbane, mfanye akimbie kutoka upande hadi upande, usimpe bao. Kisha ingiza mawinga wawili wenye miguu mipya, unaruhusiwa mabadiliko matano, na umfungulie. Ukianza kwa kasi dakika ya kwanza, unachoka pamoja naye na faida yako imeyeyuka. Yanga walifika Mbarali Novemba 2022 wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, Ihefu wakawapiga 2-1. Huku juu kuna mtaji, lakini unahitaji subira kuutumia.

Watu wanasema mbinu hii inaua moyo wa ushindi. Ni kinyume kabisa. Moyo wa ushindi haujengwi na hotuba ya vyumbani. Mchezaji anaupata akijua la kufanya pale presha inapopanda. Mazoezini unaweka wanane washambulie sita, raundi nne za dakika nne, pumziko dakika mbili, na sita wakinyang'anya wana sekunde nane kuuvusha mpira kati ya uwanja. Unaweka mechi ya dakika kumi: mnaongoza 1-0, mko pungufu mmoja, linda. Wiki inayofuata mnadaiwa bao moja. Unapanga mapema nani anaingia nafasi ya nani kadi nyekundu ikitoka. Unaigawa mechi vipande sita vya dakika 15, na kwa dakika tano baada ya kufunga bao hakuna beki wa pembeni kuvuka kati. Timu iliyozoea hayo ikiongoza 1-0 dakika ya 80 haitetemeki. Iliyozoea biriani inatetemeka, inarudi nyuma bila mpangilio, inafungwa dakika ya 88.

Yapo nisiyoyatetea. Mchezaji kujilaza dakika ya 30 ni upuuzi. Kipa kung'ang'ania mpira nako kumekwisha: kwa sheria ya sasa akiushika zaidi ya sekunde nane ni kona kwa mpinzani. Kubutua ovyo pia sitetei, mpira unarudi baada ya sekunde kumi na mabeki hawajapumua. Mpira wa kuokoa uende pembeni, nyuma ya beki wao aliyepanda, na straika awe na watu wawili ndani ya mita 15. Akiachwa mita 40 peke yake, hapo kocha kweli kakosea, mlaumuni. Kosa lingine la makocha wetu ni ile pasi ya kurudishwa kutoka mstari wa goli: mabeki wote wamekimbilia golini, viungo wamesimama wanatazama, mpira unakuta mtu huru kwenye nukta ya penati. Kiungo mmoja lazima abaki eneo hilo, kila krosi, bila kujali mpira uko wapi. Hili likikosekana zomeeni mnavyotaka, nitawaunga mkono.

Lakini anayekuja hapa kuandika "tunataka mashambulizi" bila kueleza zaidi, anijibu kwanza: tukiwa ugenini, namba mbili na namba tatu, mabeki wa pembeni, wamepanda wote, namba sita, kiungo mkabaji, kaenda kukaba pembeni, mpira umepotea katikati. Nani yuko nyuma, na wangapi?