Mjadala: Mkalimani au mwalimu amtetee mzazi mbele ya shule inayomlipa?

Mleta mada
Ndugu zangu, hili jambo limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Ninafanya ukalimani wa Kiswahili katika shule za umma hapa Marekani. Niliitwa kwenye kikao cha mama mmoja kutoka Kivu Kusini. Shule ilitaka kumhamishia mwanawe wa darasa la tatu kwenye elimu maalumu. Mtoto ana miezi kumi na minne tu nchini, na vipimo vyote alipewa kwa Kiingereza. Karatasi ya ridhaa nayo ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja.

Mama akauliza, "Mwanangu ana kasoro ya akili?" Nikalifikisha swali kama lilivyo. Mtaalamu akajibu kwa dakika nne, istilahi tupu, nikazifikisha nazo. Mama akatia sahihi.

Nilikuwa najua kwamba sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana, na mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuridhia. Nilijua na nikanyamaza.

Msimamo wangu sasa ni huu: anayeijua haki ya mtoto, na yumo chumbani inapovunjwa, lazima aseme. Awe mwalimu, awe mkalimani. Kanuni za kazi zisiwe kichaka cha kujifichia. Nipingeni.

Mkalimani wa mahakamani
Dada, uchungu wako nauelewa, lakini nakupinga waziwazi. Mkalimani akiongeza neno lake, hata moja, ukalimani umekwisha. Leo unamwambia mama asitie sahihi. Kesho mama huyo akikataa jambo kwa akili yake mwenyewe, mkuu wa shule atauliza: anayekataa ni yeye au ni mkalimani? Utakuwa umempokonya kauli yake ukidhani unampa.

Hata hivyo kuna kitu ungeweza kufanya bila kuvunja kanuni yoyote. Ungesimamisha kikao na kusema: "Mkalimani anaomba istilahi hizi zifafanuliwe, hazina neno la moja kwa moja kwa Kiswahili." Ungeomba karatasi isomwe yote kwa sauti ili uifasiri, kurasa zote kumi na moja. Waache watazame saa. Mama angesikia anachotia sahihi.

Mwalimu wa darasa la nne
Nakubaliana na mkalimani mwenzako kuhusu mkalimani. Kuhusu sisi walimu, hapana. Sisi hatukuapa kutokuwa na upande.

Jambo hili si geni. Mwaka 1970 huko California, kesi ya Diana iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto wenye asili ya Meksiko iliisha kwa makubaliano kwamba watoto kama hao wapimwe pia kwa lugha ya nyumbani. Walikuwa wamepimwa akili kwa Kiingereza na kuwekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na wewe unatusimulia kikao kilekile.

Halafu 1974 ikaja Lau dhidi ya Nichols. Wanafunzi wa Kichina wapatao 1,800 huko San Francisco walikuwa wakikaa darasani bila msaada wowote wa kujifunza Kiingereza. Utetezi wa shule ulikuwa rahisi: tunawapa vitabu vilevile, walimu walewale. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kauli moja kwamba huo si usawa, kwani asiyeelewa lugha ya darasani amefungiwa nje ya elimu yenyewe. Iliegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayozidai shule zichukue hatua za kuondoa kizuizi cha lugha.

Na mwaka 1981, katika kesi ya Castañeda iliyotoka Texas, mahakama ya rufaa ikatoa vipimo vitatu ninavyovitumia mpaka leo kila ninapoandikia uongozi. Mpango wenu umejengwa juu ya nadharia ya elimu inayokubalika? Mmeupa walimu na vifaa vya kuutekeleza? Mmepima mkaona unazaa matunda? Swali la pili ndilo linalowabana. Mpango mzuri upo kwenye karatasi, mwalimu wa kuutekeleza hayupo.

Nikuulize pia, mleta mada: huyo mtoto anapiga soga Kiingereza uwanjani? Nauliza kwa sababu hapo ndipo walimu wenzangu wengi wanapokosea. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo mtoto huipata kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya vitabuni, ya kueleza sababu na kulinganisha hoja, huchukua miaka mitano hadi saba. Mwalimu anamsikia mtoto akicheka na wenzake kwa Kiingereza safi, kisha anaona insha yake mbovu, anahitimisha kuwa shida iko kichwani. Miezi kumi na minne!

Baba wa watoto wanne
Samahanini walimu, mnaongea kana kwamba sisi wazazi hatumo humu. Mimi sikumwomba mtu anitetee. Binti yangu mkubwa aliwekwa kundi la wanaojifunza Kiingereza miaka sita. Kila nikiuliza atatoka lini, naambiwa ni kwa faida yake. Saa ya sayansi anatolewa darasani kwenda kusoma hadithi fupi za watoto wadogo. Waliomweka huko walikuwa watetezi pia, tena wakinitabasamia.

Watoto wangu Kiswahili nitawafundisha mwenyewe. Shule iwape Kiingereza, na haraka. Hata wapiga kura wa California walisema hivyo mwaka 1998, asilimia 61 wakapitisha kwamba watoto wafundishwe kwa Kiingereza.

Mwalimu wa darasa la nne
Mzee wangu, kuhusu binti yako una haki ya kukasirika, na kumkosesha sayansi ni kosa la shule. Mtoto anayejifunza Kiingereza ana haki ya masomo yote.

Ila kura ya 1998 ilifutwa kwa sehemu kubwa na kura nyingine ya 2016, na safari hii waliounga mkono walizidi asilimia 70. Na kusoma lugha mbili hakumcheleweshi mtoto akili. Peal na Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi huko Montreal, wakachapisha matokeo yao 1962: wale wa lugha mbili waliwazidi wenzao wa lugha moja katika vipimo vingi. Kabla ya hapo iliaminika kinyume chake.

Baba wa watoto wanne
Sijasema lugha mbili ni mbaya. Nimesema niulizwe.

Mama mgeni humu
Mimi ni msomaji tu, leo naandika. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na moja nilipoitwa shuleni kwa sababu yake mwenyewe, amepigana. Hapakuwa na mkalimani, wakamwambia yeye anitafsirie. Nilimwona mwalimu akiongea muda mrefu, uso mkali. Mtoto akanigeukia: "Anasema niongeze bidii." Nikamshukuru mwalimu, nikaondoka. Miezi miwili baadaye alisimamishwa masomo nami sijui lolote. Alikuwa ameogopa, simlaumu. Hata ningemlaumu, ni nani aliyemkabidhi mzigo ule?

Msibishane sana nani aitwe mtetezi. Siku ile nilihitaji mtu mmoja tu aseme, "Huyu mtoto asitafsiri."

Mkalimani wa mahakamani
Hilo, mama, hata mkalimani mwenye kanuni ngumu kuliko zote anaweza kulisema, na anapaswa.

Mleta mada
Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Mwalimu, ndiyo, mtoto anapiga soga vizuri sana uwanjani, na kwenye ripoti wameandika hivyo kama ushahidi kwamba lugha si tatizo lake.

Kuna kitu sikukieleza. Kwenye dodoso la lugha ya nyumbani familia hii imeandikwa "Kiswahili". Nyumbani wanaongea Kibembe. Kiswahili ni cha sokoni na cha kanisani, na mtoto alikisoma shuleni mwaka mmoja tu. Kwa hiyo hata wangempima kwa Kiswahili sanifu changu, wangekosea kwa mara ya pili, nami ningekuwa chombo cha kosa hilo. Wangapi wetu tumeandikiwa "Kiswahili" kwa sababu ndilo jina ambalo karani alilifahamu?

Kuna mtu amenitumia ujumbe kwamba haya yote yamefutwa na amri ya rais ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi. Amri hiyo ilifuta amri ya rais aliyekuwepo mwaka 2000, iliyohusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Sheria za 1964 na 1974 zilipitishwa na Bunge, na amri ya rais haiwezi kuzifuta.

Mzee, neno lako "niulizwe" limenirudisha nyuma. Nilikuja hapa nikitaka ruhusa ya kumsemea yule mama. Mkalimani mwenzangu naye amenionyesha kwamba kimya changu hakikuwa kanuni, kwa sababu kanuni ilinipa nafasi ya kusimamisha kikao na sikuitumia. Hilo ni langu, nalibeba.

Nimempigia simu mama. Sikumshauri. Nilimsomea tena ile karatasi kwa Kiswahili, taratibu, na pale iliposema ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote akanisimamisha na kuniomba nirudie. Kisha akauliza kama kuna mtu anayeweza kumwandikia barua. Mwalimu, nimemtajia shirika la msaada wa sheria lililo karibu naye, ila na barua yako yenye yale maswali matatu naiomba, nimpelekee aisikie kwanza. Kikao kipya ameomba mwenyewe. Ametaka mkalimani wa Kibembe, na anataka mimi nisiwepo mezani bali nikae nyuma yake.

Nitakaa nyuma yake.