Kesi ya Emanuela Orlandi (Roma, 1983): wenye ujuzi wa upelelezi, simu, mifupa na sheria, tupeane uzoefu

Faili_Jekundu (mleta uzi):
Wakuu, uzi huu ni wa kesi moja tu. Emanuela Orlandi, miaka 15, raia wa Vatikani, binti wa mtumishi wa ofisi inayoshughulikia nyumba ya Papa. Jumatano tarehe 22 Juni 1983 alitoka kwenda somo la filimbi katika shule ya muziki iliyoko Piazza Sant'Apollinare, katikati ya Roma. Mnamo saa moja jioni akapiga simu nyumbani, dada yake akapokea. Akasema kuna mwanamume amempa kazi ya kutangaza vipodozi vya Avon kwenye onyesho la mavazi, malipo lira 375,000. Dada akamwambia arudi kwanza aongee na mama. Wenzake wa shule ya muziki wakamwacha kituo cha basi, Corso del Rinascimento. Hajaonekana tena.

Nadharia zinajulikana: mafia, benki, majasusi, makasisi, familia. Sitaki tuzirudie. Anayejua jinsi kazi inavyofanyika, yaani taarifa ya polisi, simu, mifupa, mahakama, aeleze ni wapi kesi hii ilikwama na kwa nini. Za "kuna mtu aliniambia" peleka uzi mwingine.

Mzee wa Kumbukumbu:
Nianze na saa 48 za mwanzo, maana huko ndiko kesi ilikofia.

Baba alikwenda polisi usiku uleule. Akaambiwa asubiri, huenda binti yuko na marafiki. Taarifa rasmi ikaandikwa kesho yake, tarehe 23. Ukishapoteza usiku mmoja umepoteza vitu ambavyo havirudi: nani alikuwa zamu pale barabarani, madereva wa mabasi ya jioni ile, magari yaliyoegeshwa, na kumbukumbu za watu kabla hawajasoma gazeti.

Kituo kile cha basi kiko jirani na Palazzo Madama, jengo la Seneti. Walinzi wapo pale mchana na usiku. Kweli wakapatikana mashahidi wawili, askari wa usalama barabarani na polisi wa zamu, waliosema wamemwona msichana na mwanamume mwenye BMW ya kijani. Lakini muda wenyewe ukaja kubishaniwa: ilikuwa kabla ya somo au baada yake? Hilo si jambo dogo. Ikiwa ni kabla, simu ya saa moja ilikuwa ya mtu ambaye bado yuko huru. Ikiwa ni baada, mwenye gari ndiye mtu wa mwisho. Shahidi anatakiwa ahojiwe peke yake, siku hiyohiyo, umuulize kwanza zamu yake ilianza na kuisha saa ngapi, alikula saa ngapi, nani alimpokea. Muda wa tukio unaupata kwa kuubana katikati ya mambo hayo. Ukimuuliza moja kwa moja "ilikuwa saa ngapi?" atakupa saa aliyoisoma gazetini.

Darubini:
Naongeza hapo kwenye lira 375,000. Kwa kiwango rasmi cha kubadilisha lira kuwa euro (1,936.27 kwa euro moja) ni kama euro 194, na bei za 1983 zilikuwa chini sana kuliko za leo. Kwa alasiri moja ya kutangaza vipodozi, hiyo ni chambo. Mpelelezi mzuri angeuliza mara moja: wasichana wangapi wengine wa umri ule, mitaa ile, wametongozwa na ahadi ya aina hiyo mwezi ule? Chambo huwa hatupiwi samaki mmoja. Na wiki sita na nusu nyuma, tarehe 7 Mei, Mirella Gregori, naye miaka 15, alipotea Roma hiyohiyo baada ya kuitwa mlangoni kwao na mtu. Kesi hizi mbili ziliunganishwa na wapiga simu na magazeti kuliko na ushahidi, lakini lile swali la chambo lingeulizwa mapema lingeweza kuziunganisha au kuzitenganisha kwa haki.

Fundi Mitambo:
Mimi naongelea simu.

Kosa la kwanza: matangazo ya gazetini ya tarehe 24 na 25 Juni yalikuwa na namba ya simu ya nyumbani. Familia haina lawama, ndivyo kila familia ingefanya. Lakini kuanzia hapo laini ya nyumba ikawa ya kila mtu. Tarehe 25 akapiga "Pierluigi", akasema rafiki yake wa kike amemwona binti mwenye filimbi Campo de' Fiori, akataja na mambo ya miwani ambayo familia iliyatambua. Tarehe 28 akapiga "Mario". Tarehe 3 Julai Papa Yohane Paulo II akaomba hadharani, mbele ya umati kwenye sala ya Malaika wa Bwana, aachiliwe. Hapo mtoto aliyepotea akageuka mateka wa kimataifa kabla hata hajaombwa fidia. Siku mbili baadaye akapiga mtu mwenye lafudhi ya kigeni, waandishi wakamwita "Mmarekani": anataka Mehmet Ali Ağca, aliyempiga Papa risasi tarehe 13 Mei 1981, aachiwe ifikapo tarehe 20 Julai. Akataka hadi namba ya siri, 158, ya kumfikia Kardinali Casaroli, Katibu wa Dola wa Vatikani, moja kwa moja.

Vijana wanauliza kwa nini hawakumkamata. Mitambo ya simu ya zama zile ilikuwa ya swichi za mkono wa chuma. Namba ya anayepiga haiandikwi popote. Kumfuata inabidi fundi asimame kwenye mtambo, aone swichi ipi imeshika laini, arudi nyuma hatua kwa hatua, na kama simu imepita mitambo miwili, lazima kila mtambo uwe na mtu wake. Yote hayo mpigaji akiwa bado laini. Akikata, swichi zinaachia na njia imefutika. Anayepiga toka kibanda na kukata ndani ya dakika mbili unapata eneo tu, ukiwa na bahati.

Kilichowezekana hata 1983 ni hiki. Laini ya pili kwa ajili ya wapigaji, tofauti na ya familia. Mtu mmoja tu wa kupokea, aliyefundishwa kumrefusha mpigaji. Vinasa sauti viwili toka simu ya kwanza. Daftari la kila simu: saa, maneno kama yalivyo, kelele za nyuma. Na muhimu kuliko yote, swali la uhai: jambo ambalo binti peke yake anaweza kulijibu na ambalo halijawahi kuchapishwa. "Mmarekani" hakuwahi kutoa uthibitisho kwamba binti yuko hai. Alichotoa tarehe 6 Julai ni nakala ya kadi ya shule ya muziki, iliyoachwa kwenye pipa la taka Piazza del Parlamento. Nakala inakuambia mtu ameshika karatasi za begi lake, au ameshika nakala ya karatasi hizo. Basi, haikuambii zaidi.

Nyundo:
Mkuu Fundi, hapo umekaza sana. Kadi ile si kitu kidogo, ni kitu pekee kilichotoka kwa binti mwenyewe. Ningeifuata hiyo kuliko sauti.

Fundi Mitambo:
Nyundo, sikatai. Lakini shule nayo ina kumbukumbu za wanafunzi wake. Kabla ya kusema imetoka begini lazima kwanza uondoe uwezekano kwamba imetoka ofisini.

Kinasaba:
Kwenye mifupa ndiko watu wamedanganyika zaidi, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mwaka 1983 hakuna aliyehifadhi kitana wala mswaki wa binti kwa ajili ya vinasaba, kwa sababu Alec Jeffreys wa Leicester aligundua alama za vinasaba Septemba 1984. Kwa hiyo kinachotegemewa ni ndugu. Vinasaba vya mitokondria (vilivyo nje ya kiini cha seli) vinarithiwa kwa mama, na ndugu wote wa tumbo moja wanavyo sawa, wa kiume na wa kike. Vinadumu hata kwenye mfupa uliochakaa. Udhaifu wake ni kwamba vinathibitisha ukoo wa mama, si mtu mmoja. Vya kiini cha seli ndivyo vinavyomtaja mtu, na hapo sampuli ya ndugu mmoja ni dhaifu. Chukua mama na ndugu wengi iwezekanavyo, mapema. Baba alifariki 2004.

Sasa mpangilio wa kazi, maana ukiuvuruga unapoteza pesa na mfupa.

Kwanza jicho la mtaalamu. Binti wa miaka 15 ana alama zake: ncha ya ndani ya mtulinga bado haijaungana, ukingo wa juu wa nyonga bado, mizizi ya magego ya mwisho haijakamilika. Mfupa wa mtu mzima unaondoka mezani hapohapo.

Pili kaboni. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni 14 hewani hadi karibu maradufu kufikia 1963. Aliyezaliwa 1968, kama yeye, lazima awe nayo mifupani. Mfupa usio na alama hiyo si wake, huhitaji vinasaba. Gramu moja hivi ya mfupa mzuri inatosha.

Tatu ndipo vinasaba: jino, paja, au mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani.

Ona sasa. Oktoba 2018 mafundi wanakarabati jengo la ubalozi wa Vatikani, Via Po, wanakuta mifupa. Magazeti yakasema ni Emanuela au Mirella kabla maabara haijafungua boksi. Kaboni ikasema ni mtu wa kati ya mwaka 90 na 230 baada ya Kristo, mwanamume. Roma ukichimba popote unakuta mtu. Kipimo cha kaboni kinatakiwa kitangulie tangazo.

Julai 2019, baada ya familia kupokea dokezo, yakafunguliwa makaburi mawili ya wanawake wa kifalme kwenye Makaburi ya Wajerumani, kando ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Matupu, hata wenyewe hawamo. Ujenzi wa miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa umehamisha mifupa. Tarehe 20 ikafunguliwa hifadhi ya mifupa chini ya chuo jirani. Mtaalamu wa Vatikani, Giovanni Arcudi, akasema hakuna mfupa ulio wa baada ya karne ya 19. Wataalamu wa familia wakaomba mifupa kama 70 ipelekwe maabara, akakataa. Kwa ujuzi huenda alikuwa sahihi. Kwa utaratibu hapana: kwenye kesi ya namna hii unapima hata kama jicho limetosha, ili mtu asije kukuuliza tena. Mwaka 2020 Vatikani ikafunga jalada na kuruhusu familia ipime yenyewe.

Mzee wa Kumbukumbu:
Na lile kaburi la jambazi? Simu isiyo na jina kwenye kipindi cha televisheni, 2005, ikasema angalieni aliyezikwa katika basilika ya Sant'Apollinare. Enrico De Pedis wa genge la Magliana, aliuawa Februari 1990, kazikwa kanisani jirani kabisa na shule ya muziki. Lilifunguliwa tarehe 14 Mei 2012. Aliyekutwa jenezani ni yeye tu.

Kuna pia shahidi aliyekuwa mpenzi wake, akatoa simulizi ndefu ya mwili kutupwa pamoja na wa mtoto mwingine. Mtoto huyo alipotea 1993, miaka kumi baadaye. Ushuhuda wa namna hii usiutupe wote wala usiumeze wote. Uvunje vipande, kila kipande tafuta tarehe inayoweza kukikanusha. Kikikosa tarehe, kiweke pembeni.

Wakili Msomi:
Upande wa sheria, kwa ufupi. Vatikani ni dola tangu Mkataba wa Laterano wa 1929. Hakimu wa Italia hawezi kuingia na hati ya upekuzi. Anaandika ombi kwa dola nyingine na kungoja. Ndiyo maana jalada la Roma, lililofungwa 2015 na Mahakama ya Rufaa ya juu ikathibitisha 2016, lilikuwa na tundu upande mmoja. Januari 2023 mwendesha mashtaka wa Vatikani, Alessandro Diddi, akafungua uchunguzi wake, Roma nayo ikafungua tena mwaka huohuo, na Novemba Seneti ikapitisha tume ya bunge kwa kesi zote mbili, Orlandi na Gregori. Kwa ibara ya 82 ya katiba yao, tume ina mamlaka ya hakimu na mipaka ya hakimu. Inaweza kumlazimisha Mtaliano kuja kusema. Kardinali aliye ndani ya ukuta haiwezi.

Na kule kuambiwa "subiri": sheria namba 203 ya 2012 inataka polisi waanze mara moja, na yeyote anaweza kutoa taarifa, si ndugu tu.

Darubini:
Wakili, tume ikipata kanda za 1983, zina faida leo?

Fundi Mitambo:
Nijibu mimi. Usiupige mkanda wa asili kwenye redio ya nyumbani. Kwanza fundi aukague, kama umekauka au umenata. Kisha upigwe mara moja kwa kinasa kilichorekebishwa kichwa chake kifuate mkanda huo, uhamishiwe kwenye kompyuta bila kupunguza data ya sauti. Kazi yote baada ya hapo inafanyika kwenye nakala. Ila laini ya simu inapitisha kati ya Hezi 300 na 3,400 tu, na mtu aliyekuwa akiigiza lafudhi amekwishaharibu nusu ya unachotafuta. Kulinganisha kunahitaji pia rekodi ya mshukiwa ya miaka ileile, maana sauti ya mtu wa miaka 30 na ya huyohuyo akiwa na 70 hazilingani. Maabara ikikuandikia "inaelekeana", usisome "ni yeye".