Kuvaa shati baada ya kuumia ubongo: msaidizi aishie wapi?

Mwulizaji
Wakuu, naomba mwongozo. Mgonjwa wetu aliumia ubongo, mkono wa kushoto umelegea. Anaelewa akiambiwa ila anasahau hatua. Akivaa shati linajikunja mgongoni, anakasirika, msaidizi anamalizia. Sasa hataki kuguswa kabisa. Tuanzie wapi?

Jibu 1
Mara nyingi shati hujikunja kwa sababu mkono wa shati umeachwa chini ya kiwiko. Akae kwenye kiti kigumu, nyayo zote zikanyage sakafu. Kitandani godoro linabonyea na mwili unaangukia upande dhaifu. Shati liwe pana, la vifungo mbele. Liwekeni mapajani, mkono wa kushoto wa shati uning'inie katikati ya magoti. Ainame kidogo, mkono uliolegea ushukie humo. Kwa mkono wa kulia ulio mzima avute shati mpaka kiganja kitokeze, kisha apitishe kiwiko, afikishe begani. Hapo ndipo azungushe kola nyuma ya shingo na kuingiza mkono wa kulia. Kuvua ni kinyume: mkono mzima hutoka kwanza.

Tafadhali sana, msimvute kwa mkono huo wala kumwinua kwa kwapa. Misuli iliyolegea haishikilii bega, na maumivu yake yakianza hayaishi upesi.

Jibu 2
Kuhusu kusahau: asiachwe abahatishe. Kumbukumbu iliyodhurika hukariri hata kosa, kwa hiyo mwelekezeni kabla hajakosea. Kiti kilekile, mpangilio uleule, maneno mafupi yaleyale: "kiganja, kiwiko, bega, kola." Aongee mtu mmoja tu. Akishasema, anyamaze sekunde 10 hivi. Ukirudia haraka unamkatiza akiwa bado anachakata neno la kwanza.

Jibu 3
Mimi ningeanzia mwisho. Msaidizi amvalishe yote, yeye afunge kifungo cha mwisho. Akikiweza, mwachieni viwili, halafu kola. Akianza yeye na kumaliziwa na mwingine, kila asubuhi inaishia kwa kushindwa; hasira hiyo ina haki yake. Muulizeni kabla ya kuanza, si katikati: "Leo nikusaidie wapi?" Siku ya kwenda kliniki avalishwe tu, nguvu zimfae huko. Uchovu wa ubongo si uvivu.

Mwulizaji
Asanteni. Na kama hautazami kabisa mkono wa kushoto?

Jibu 2
Fungeni utepe wa rangi kali kwenye pindo la mkono huo wa shati. Asianze kuvaa mpaka autafute kwa macho na kuugusa.